Ungo Juu ya Paneli

Wiki iliyopita mlinikaribisha kwenye karakana yenu pale Chake, mkanikalisha mbele, mkanipa soda ya baridi. Msichana mmoja mwenye mtandio wa kijani akaniuliza: "Bi Mkasi, katika miaka yako yote ya sola, kosa lako kubwa lipi?" Wenzake wakamfinya. Nadhani walidhani nitakasirika. Sikukasirika, ila jibu lake si fupi, nami nilikuwa nawahi gari. Nikamwambia nitaliandika. Ndilo hili.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye kituo kidogo cha afya, katika kijiji kimoja upande wa Wingwi. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu watu wake wapo na ni watu wema. Pale nilifunga friji ya chanjo inayokwenda kwa jua. Ilifanya kazi miezi mitano kama saa, kisha ikaanza kupoteza baridi. Nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili nikarudi nikisema imepona. Mara ya tatu nikapigiwa simu siku ya Alhamisi, nikaambiwa maneno machache: Jumatatu ni siku ya chanjo, mtu wa ofisi ya chanjo atakuja mwenyewe, na kipimajoto kikisoma zaidi ya nyuzi nane friji inang'olewa inapelekwa kituo kingine. Kina mama wa pale wangebaki na safari ya kutwa kwa miguu na watoto migongoni.

Safari ile mimi naijua. Ndiyo maana kwanza niwaambieni kidogo nilikotoka.

Wazazi wetu walifariki karibukaribu, baba kwanza, mama baada ya miezi minne. Tulikuwa kwetu upande wa Kengeja, watoto wanne, mimi mkubwa, nipo darasa la sita. Mdogo kabisa, Faki, alikuwa na miezi saba. Watu huniuliza niliamuaje kuacha skuli. Sikuamua. Siku ya kwanza sikwenda kwa sababu Faki ana homa, siku ya pili kwa sababu hakuna kuni, siku ya tatu hakuna aliyeniuliza mbona sipo. Basi ikawa hivyo.

Mama alikuwa ameniachia kadi ya kliniki ya Faki, na mimi nilikuwa mtu wa kufuata kilichoandikwa. Siku ya chanjo ilipofika nilimfunga mgongoni kwa kanga ya mama, nikatembea asubuhi hadi jua likanikuta njiani. Nilipofika, nesi akanitazama miguu, akanitazama uso, akasema: "Dawa imeharibika kwa joto, mwanangu. Rudi wiki ijayo." Nikarudi wiki iliyofuata, akaniambia yale yale. Mara ya tatu akachanjwa. Sikuwa na chuki na yule nesi, wala sina mpaka leo. Lakini neno lile, joto, liliniganda. Nilikuwa sijui kwamba dawa nayo ina kuchoka na jua kama mtu.

Niliokota karafuu, nikazitenga na makonyo, vile vijiti vyake, nikakaanga mandazi. Mandazi ndiyo yaliyonifikisha kwa Fundi Shaame. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Chake Chake, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nampelekea mandazi kila asubuhi, na kila asubuhi nikichelewa kuondoka. Siku moja akaniambia bila kuinua kichwa, "Kama utasimama hapo kila siku, basi shika hii waya." Nikashika. Nikaishika miaka sita.

Yeye ndiye aliyenifundisha kulehemu. Alikuwa akisema, "Pasi haipigwi, mwanangu, inabusishwa. Ipashe moto waya kwanza, risasi ikiyeyuka itakwenda yenyewe ilikoitwa." Nyinyi sasa mna pasi zenye kipimo cha joto. Sisi tulikuwa tunalipima kwa kugusisha kwenye sifongo mbichi na kusikiliza. Ikilia *tss* fupi, bado. Ikilia ndefu, tayari. Ikinyamaza, umeshaiunguza ncha.

Kozi ya sola ilipokuja Pemba, walioileta walitafuta wanawake, na walitaka wasiohama. Sheha wetu alinitaja mimi mbele ya wageni kwa maneno haya: "Mwanamme mkimfundisha, mwezi wa pili yuko Dar. Huyu ana watoto watatu wala hakuwazaa. Ataenda wapi?" Watu wakacheka. Mimi nikaandika jina langu.

Sasa niwape kisa cha taa, kwa sababu nimeona na nyinyi mnalifanya kosa lile lile.

Kulikuwa na harusi Pujini. Mwenye harusi alitaka mlango wa ukumbi upambwe kwa vitaa vya LED vya rangi tatu: vyekundu, vya kijani na vya buluu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kozi, na kichwa kimejaa upepo. Nikavichukua vyote, nikaviunga sambamba kwenye waya mbili, nikaweka kizuizi kimoja tu cha umeme kwa vyote ili kazi iishe upesi. Nikawasha mbele ya akina mama waliokuja kwa hamu. Vikawaka vyekundu peke yake. Kijani kimya, buluu kimya.

Mama mmoja mwenye mdomo akauliza, "Bi Mkasi, hii harusi au tunakuja kuaguliwa?"

Nikaongeza umeme. Vyekundu vikawaka zaidi, kisha vikafa kimoja baada ya kimoja, na mlango ukabaki giza. Bibi harusi aliingia kwa taa ya karabai.

Fundi Shaame aliponisikia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema jambo ambalo sikulielewa vizuri kwa miaka. "Kila rangi ina kizingiti chake. Chekundu kizingiti kifupi, buluu kirefu. Ukifungua milango yote mara moja, umeme utapita penye kizingiti kifupi. Kwa nini uruke?"

"Na kwa nini chekundu kiwe kifupi?" nikamuuliza.

"Hilo," akasema, "kamuulize aliyekwenda skuli."

Nilikuwa naye nyumbani. Faki alisoma, na alisoma haswa. Wengine wawili walipata ufundi na biashara, wakasimama vizuri. Faki alikwenda mpaka chuo kikuu, akasoma fizikia. Katika likizo alikuwa akija na maneno yake, na mimi napika huku namsikiliza. Aliniambia kwamba ndani ya kile kipande cha jiwe kinachoitwa nusu-kipitishi, elektroni zimekaa chini, kila moja mahali pake. Juu yao kuna sakafu nyingine, tupu, ambako zingeweza kutembea. Katikati hapana ngazi wala kidato cha kupumzikia. Mwanga ukija na nguvu ya kutosha unairusha elektroni juu mara moja, na pale ilipokuwa panabaki tundu. Paneli imetengenezwa kwa tabaka mbili ili elektroni iliyorushwa isirudi tunduni mwake papo hapo, bali isukumwe nje, izunguke kwenye waya, ifanye kazi, ndipo irudi. Hiyo ndiyo sola. Taa ya LED ni safari ile ile kwa kinyume: unaipeleka elektroni juu kwa betri, inaanguka tunduni, na katika kuanguka inaachia mwanga. Ikianguka kimo kifupi, mwanga mwekundu. Ikianguka kimo kirefu, buluu.

"Kwa hiyo taa na paneli ni ndugu," nikamwambia.

"Baba mmoja mama mmoja, dada."

Sikumwamini kwa maneno. Nikachukua kitaa chekundu, nikakiunga kwenye mita, nikakitoa dirishani juani. Mita ikasoma volti moja na nusu. Kitaa kile cha kuwaka kilikuwa kinazaa umeme. Nilikaa pale dirishani mpaka mchuzi ukaungua. Jaribuni wenyewe, ni mchezo usio na gharama, na utawafundisha kuliko daftari.

Lakini lililonishinda kabisa lilikuwa la vichupa. Mwaka mmoja Faki alirudi na vichupa vitatu vidogo, mfano wa vichupa vya wanja, vimejaa maji. Akafunga dirisha, akaviwekea kitochi cha mwanga wa zambarau. Kimoja kikang'aa buluu, kimoja kijani, cha tatu chekundu.

"Umetia rangi gani?" nikamuuliza.

"Sikutia rangi. Vitu vilivyomo humo vyote ni kitu kimoja. Tofauti ni ukubwa wa punje."

"Punje gani? Mimi naona maji."

"Punje ni ndogo mno, dada. Unywele wako mmoja ukiukata upana wake vipande maelfu, kipande kimoja ndiyo punje. Kwenye chekundu ni kubwa kidogo. Kwenye buluu ni ndogo zaidi."

Nikamwambia hilo halina akili. Mawe ya chumvi, makubwa na madogo, yote ni meupe. Akakuna kichwa, akaanza kuniandikia hesabu pembezoni mwa gazeti. Nikamwambia aache hesabu. Nikafikiri peke yangu kwa muda, nachekecha unga, kisha nikamuuliza: "Hii elektroni ndani ya punje, ni kama ng'ombe wa mchezo?"

Nyinyi mmekwenda kuangalia mchezo wa ng'ombe, watu wakimchokoza uwanjani, mnajua. Ng'ombe akiwa malishoni, uwanja mpana, hata mtoto anampita. Mfunge kamba fupi, mtie kwenye zizi la kumtosha yeye tu, hasimami. Anapiga kwato, anatupa pembe, ana nguvu ambazo hakuwa nazo pale malishoni. Ng'ombe ni yule yule. Zizi ndilo limebadilika.

Faki akasema, "Ndivyo hasa. Ukiibana elektroni mahali padogo haiwezi kutulia. Nguvu yake ya chini kabisa inapanda, kizingiti kinarefuka, basi na rangi inakwenda buluu." Kisha akacheka. "Mwalimu wetu alitumia wiki mbili."

Siku hizi anafundisha, na nasikia mfano wa ng'ombe anautumia darasani. Hajasema ni wa nani. Tutaonana Iddi.

Akaniambia pia kwamba ndani ya hivi vitaa vyeupe mnavyovichomeka kila siku kuna tabaka nyembamba kiasi hicho hicho, zimepangwa kama maganda ya kitunguu, na elektroni zinabanwa humo kwa makusudi ili zikutane na matundu na kutoa mwanga wa buluu. Weupe ni ujanja tu. Bandua ile gundi ya manjano iliyo juu ya kitaa kilichokufa nusu, kiwashe, utaona buluu tupu. Nimefanya hivyo, nimeona. Kwa hiyo mkiambiwa taa hizi ni za watu wa mbali wenye akili nyingi, kubalini kuhusu akili, lakini zizi lile na ng'ombe yule mnawajua.

Sasa turudi kwenye friji.

Nilipoifunga, ilikuwa miezi mikavu, hakuna karafuu. Paneli zilikuwa mbili kubwa. Kwetu jua liko utosini, paneli hulala karibu sawasawa. Badala ya kuziweka kwenye paa, nilitengeneza fremu ya mbao nyuma ya kituo, urefu wa meza. Nilijisifu kwa hilo. Nilimwambia Nesi Raya, mkuu wa kituo, mama wa Kiunguja mwenye maneno ya taratibu, kwamba hapo hatohitaji ngazi. Atapangusa vumbi huku amesimama. Akanishukuru. Nyuma ya kituo, hatua kumi tu, ndipo uwanja wa nyumba ya jirani, Bi Tatu, ulipoanza. Nilimsalimia Bi Tatu, nikamwambia nimemaliza, nikaondoka. Sikumweleza chochote kuhusu zile paneli. Niliona si kazi yake.

Friji ilipoanza kuasi, nilikwenda kwa vespa yangu, ile ya rangi ya maziwa ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa kelele. Nikapima: jua zuri, umeme mzuri, betri inajaa. Nikakaza waya zote, nikarudi. Baada ya siku nne, joto tena. Nikaenda, nikapima, kila kitu kizuri. Nikabadilisha kontrola, kile kisanduku kinachosimamia chaji, nikarudi. Baada ya siku tano ikaja ile simu ya Alhamisi.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nesi Raya alikuwa ameshahamisha chanjo kwenye sanduku la barafu, na barafu haikuwa ya kufika mbali.

"Bi Mkasi," akaniambia, "ukiwepo wewe, hii friji ina adabu isiyo na mfano. Ukiondoka tu, inakuwa mtoto mwingine."

Nikampigia Faki, nikamweleza. Akaniambia kwa mzaha, "Labda ni kama elektroni zenyewe, dada. Mtu akizitazama hazikai vile zilivyokuwa."

Sikucheka. Nilikuwa nimechoka. Nikatoka nyuma, nikapima tena, kila kitu kizuri. Kwa kukosa la kufanya, nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa vioo. Jua lilikuwa kali, nikajifuta jasho la uso kwa kitambaa kile kile.

Kilinukia karafuu.

Nikainama juu ya kioo. Pembe ya chini ya paneli ya kwanza kulikuwa na duara la mafuta, hafifu, kama alama ya chungu mezani. Paneli ya pili nayo ilikuwa nalo, pembe ile ile. Nikasimama nikatazama uwanja wa Bi Tatu. Majamvi yametandazwa, karafuu zimeanikwa nyekundu mpaka kwenye njia. Na kwenye kivuli cha ukuta, nyungo mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, zimejaa karafuu mbichi. Karafuu mbichi, saa nne ya asubuhi, kivulini. Ni nani Pemba anayeweka karafuu mbichi kivulini saa nne?

Nikaenda.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Friji keshapona?"

"Bado. Nyungo zile mbona haziko juani?"

"Si tumeondoa," akasema. "Vespa yako tumeisikia tangu konani. Nikamwambia mkwe wangu, fundi huyo, kaondoe haraka."

"Mmeziondoa wapi?"

"Kwenye kitanda chako." Alikuwa akizitazama paneli. "Mtu akija kwake hakuti vyombo vya wenziwe juu ya kitanda chake. Sisi tuna adabu zetu."

"Mnaweka tangu lini?"

"Tangu msimu uanze. Hizi za kuokota chini, za mpeta, ni chache, jamvini kuku wanazimaliza. Pale kioo cha moto, kuku hapandi, zinakauka siku moja na nusu. Lakini hatuzibi, mwanangu. Tunachukua kijipembe tu. Jua lote lile tunakuachia."

Nilikaa kwenye kibao alichonisogezea. Mara tatu nimekuja, na mara tatu wamenisafishia njia ya kosa langu kwa heshima.

Sikutaka kumwambia kwa maneno matupu, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu na maneno matupu kwa mkubwa ni karipio. Nikamwomba aje na ungo mmoja. Nikaunga mita ipime umeme unaotoka kwenye paneli moja, nikamwonyesha tarakimu.

"Inasoma ngapi, bibi?"

"Saba. Na kidogo."

"Weka ungo pale unapouweka."

Akauweka taratibu, pembeni kabisa, kama mtu anayeweka sahani mbele ya mgeni. Tarakimu zikaanguka. Saba ikawa sifuri na kitu.

Akauondoa. Saba. Akauweka. Sifuri. Akafanya hivyo mara nne, na mara ya nne hakutazama mita tena, alinitazama mimi.

"Jua lote lile lipo," akasema.

"Lipo. Lakini angalia hivi vipande, hivi vya mraba. Vimeshikana mkono kwa mkono. Unakumbuka wanavyopakia magunia ya karafuu kwenye lori? Watu wamepanga mstari, huyu anampa yule, yule anampa yule. Sasa mmoja akae chini na asipokee."

"Magunia yanasimama."

"Yote. Hata wenye nguvu wanasimama nayo mikononi. Humo ndani kila kipande kinapokea elektroni kwa mwenzake. Kilichofunikwa hakipati mwanga, hakirushi kitu, hakipokezani na mtu. Na njia ya pembeni iliyopo ni finyu, umeme ukipita huko hauna tena nguvu ya kuingia kwenye betri."

Bi Tatu aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo mie mtu mmoja nimekaa, na mstari wote umekaa."

Nikafungua waya za mita.

"Na dawa za watoto?"

"Nesi kazihamisha. Hazijaharibika bado."

"Bado," akarudia. Akavuta mtandio wake mbele. "Wale wa ofisini watakwambia uandike aliyefanya. Mjukuu wangu anachanjwa Jumatatu hii hii."

Nesi Raya alikuwa ametoka, amesikia yote. Alinivuta pembeni, akanong'ona kwa wema wake. "Kwenye fomu kuna pahala pa sababu. Andika wananchi wameweka vitu juu ya mitambo. Ni kweli, na wewe utasalimika. Wameshaanza kusema fundi ndiye hajui."

Alikuwa sahihi, ni kweli. Ningeliandika lile, jina langu lingetoka safi, na aibu ingeangukia uwanja wa Bi Tatu, na mwakani kijiji kizima kingeitazama friji ile kama mali ya serikali iliyowaletea maneno. Na kulikuwa na ukweli mwingine, uliotangulia ule. Ni nani aliyeweka meza ya kioo cha moto, urefu wa kiuno, katikati ya kijiji cha karafuu, akamwambia kila mtu ni ya kupangusa, asimwambie mtu kwa nini isiguswe? Nimezaliwa Pemba. Nimeokota mpeta kwa mikono yangu ili wadogo zangu wale. Kama kuna mtu alipaswa kujua kwamba msimu ukifika kila kilicho bapa na cha moto kitaanikwa karafuu, ni mimi.

Nikamwambia Nesi Raya anipe fomu. Nikaandika: Paneli zimewekwa chini mno na majirani hawakuelezwa. Kosa la aliyefunga. Nikatia saini, kwa ule mwandiko wangu wa darasa la sita.

Jumamosi ile paneli zilikunywa jua kuanzia saa tano mpaka alasiri. Jumapili kutwa. Nililala kwa Bi Tatu, na kila nikitoka kuangalia nilimkuta yeye kishatoka, ana kifagio, anafukuza hata vipepeo.

Jumatatu mtu wa ofisini alifungua mlango wa friji akatoa kipimajoto. Kilisoma tano. Akasoma fomu, akaisoma mara ya pili.

"Bi Mkasi, unajua ukiandika hivi hupewi kituo kingine mwaka huu?"

"Najua."

"Na hukutaka kuandika vyengine?"

"Hakuna vyengine."

Akaiweka ndani ya mkoba. Friji ilibaki. Mjukuu wa Bi Tatu alichanjwa wa kumi na kitu kwenye foleni, akalia kama wenzake. Mimi nilikaa misimu miwili bila kupewa kituo, nikatengeneza taa na simu za watu, nikaishi. Paneli nilizipandisha juu ya nguzo kwa mikono yangu, urefu wa mtu na nusu, kabla sijaondoka.

Msichana wa mtandio wa kijani, nadhani jibu umeshalipata, lakini limebaki kipande.

Msimu uliofuata nilipita kijijini pale. Vespa ilikuwa ile ile, na kelele zile zile tangu konani. Nilipofika nyuma ya kituo, hakuna aliyekimbia. Bi Tatu alikuwa kakaa kibaoni mwake, anachambua, hakunyanyuka hata kidogo. Juu, kwenye kamba iliyofungwa baina ya nguzo ya paneli na mnazi, kulikuwa na kanga mbichi, na upepo ukivuma ncha yake ilikuwa inalamba kipande cha mwisho cha kioo.

"Ya nani ile?" nikamuuliza.

"Ya mkwe wangu. Kaianika sasa hivi, alipoisikia vespa akataka kuitoa." Akatupa konyo upande, karafuu upande. "Nikamwambia iache, tusimfiche fundi tena. Kaja, aone tunavyokaa."